Jibu la Kipande Kilichotangulia

Duka lile la vifaa vya umeme halikuwa mahali pa kupendana. Lilikuwa finyu na lenye joto, watu wamebanana kwenye kaunta kama wanagawiwa bure, na kila mmoja anapaza sauti kumshinda mwenzake. Huyu anataka betri, yule plagi, mwingine karudisha redio na hataki kusikia kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Lakini mapenzi hayana adabu ya kuchagua mahali. Kwenye rafu ya mwisho ilikuwa imebaki kebo moja ya pini nyingi, na watu wawili waliishika kwa pamoja, huyu ncha hii, yule ncha ile.

"Samahani kaka, nimeiona mimi kwanza," alisema mwanamke. Alivaa koti la kazi la buluu lililopigwa pasi likasimama, na kitambaa cha manjano kichwani kilichofungwa kwa madaha ambayo koti halikuyatarajia.

"Kuona si kushika, dada."

"Na hapa nimeshika nini, hewa?"

Mwanamume akacheka. Alikuwa na shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye kiwiko, na viatu vilivyong'aa kupita kiasi kwa mtu aliyekuja duka la vumbi. "Unaijua lakini kazi yake? Hii si ya kufungia mzigo."

"Naipeleka kiwandani, kwenye mashine yangu inayoshika vipande. Kuna mtu wa vipimo analetwa leo, na nasikia ni mtu wa kujisikia, sitaki anikute sina kebo."

Yule bwana aliachia ncha yake polepole. "Basi ibebe tu, dada. Huyo wa kujisikia ndiye mimi."

Mwanamke aliona aibu, kisha akacheka mpaka muuzaji akageuka. Walikwenda kiwandani pamoja, kebo ikiwa begani mwa bwana kwa sababu alisisitiza kuibeba.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza vipande vidogo vya elektroniki vya kwenye breki za magari, kimoja hakizidi punje ya mahindi. Mashine ya yule dada ilikuwa mkono wa chuma. Unaokota kipande, unakiweka chini ya kipimo, unangoja. Kipimo, ambacho ni cha yule bwana, kinapitisha umeme, kinaweka jibu lake kwenye waya, kizima au kibovu, kisha kinatoa ishara kwamba kimemaliza. Mkono unasoma jibu, unakitupia kipande kwenye trei ya vizima au pipa la vibovu, na kuokota kingine. Haikupita muda wafanyakazi wakaacha kuwaita kwa majina yao. Mwanamke akawa Mkono, mwanamume akawa Kipimo.

Walichobishania tangu siku ya kwanza ni kusubiriana.

"Weka jibu kwanza, litulie kwenye waya, ndipo uniite," Mkono alimwambia. "Ukiniita mapema nitasoma jibu la kipande kilichotangulia, kwa sababu ndilo litakuwa bado lipo pale."

"Wewe mwanamke unapenda sana kusubiri."

"Napenda kusikia vizuri. Weka subira hapo."

"Subira kiasi gani, laazizi?"

"Nani laazizi wako? Weka subira, tena isipungue hapo nilipokuonyesha."

Akaiweka, kitambo kidogo cha kungoja kati ya jibu na ishara. Na kwa kuwa kipimo na mkono viliishi kwa kupeana zamu, wenyewe nao walijikuta wamezoea. Chai ya saa nne walikunywa pamoja. Jioni Kipimo alimsindikiza hadi mlangoni kwa mama yake, na kabla hajafika kwake simu ilikuwa imeshalia.

"Umefika?"

"Sijafika, roho yangu. Nimeachana na wewe sasa hivi tu."

"Najua. Nilitaka kusikia sauti yako ikiwa njiani."

Mama mtu naye alishampenda. "Yule kijana ana heshima," alisema, akimtengenezea kiti kizuri kila anapokuja. Ikasemwa kwamba baada ya miezi michache atakuja na mjomba wake kuposa. Mkono alianza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda. Alikuwa ameanzia kufagia ukumbi ule ule, akajifunza mashine kwa kuwauliza watu bila haya, na sasa ndiye fundi wake. Jina lake pale kiwandani lilikuwa safi, na alilitunza kama macho yake.

Siku moja meneja alitangaza kwamba mteja anataka mzigo haraka, na mashine iongeze kasi. Mkono hakuwepo mchana ule, alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Kipimo alikaa peke yake mbele ya mashine. Akatafuta pa kukata muda, hakupaona, mpaka macho yake yakaangukia ile subira. Aliipunguza kidogo. Mashine ikakimbia. Meneja akampiga begani mbele za watu na kumwambia kuna nafasi ya mkuu wa vipimo inakuja.

Sifa ni tamu, na mtu akishaionja hukumbuka mengine baadaye. Alikusudia kumwambia Mkono jioni. Jioni ikapita.

Nani angegundua? Vipande vingi vilikuwa vizima, na kizima kikipewa jibu la kizima mwenzake hakuna kinachoharibika. Shida ilikuwa kibovu kimoja kimoja kinachojitokeza katikati. Hicho kilipita kwa jibu zuri la kilichotangulia, kikaenda kwa mteja, na kizima kilichofuata nyuma yake kikatupwa kwenye pipa bila kosa lolote.

Mzigo ulirudishwa. Breki hazikuwa zimefungwa kwenye gari bado, Mungu alisaidia, lakini mteja alikuwa amewaka. Mkono aliinamia pipa la vibovu, akavipima upya kimoja kimoja, vyote vizima. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mpenzi, kuna kitu nataka kukuuliza, nijibu kweli. Ile subira uliigusa?"

"Subira ipi?"

"Unayo ngapi? Ya kwenye waya."

"Sijaigusa."

"Kweli?"

"Mahabuba, ningeigusa bila kukwambia wewe? Angalia upande wako. Labda mkono unachelewa kukiachia kipande."

"Haya. Nakuamini."

Alikata simu akaenda kuufungua mkono wa chuma, akaukagua mpaka mafuta yakamfika kwenye mashavu. Hakuona kitu.

Kwenye kikao walikaa meneja, wakuu wengine wawili, Mkono na Kipimo. Meneja hakupoteza muda. "Kosa liko upande wa kipimo au upande wa mkono?"

Mtu mwingine angesema sijui. Angesema twende tukafungue vyote viwili. Mkono alisimama, koti lake limepigwa pasi kama siku zote. "Upande wa kipimo haujaguswa, meneja. Nilimuuliza mwenyewe, na huyu hanidanganyi. Mimi namwekea dhamana."

"Kwa hiyo ni upande wako."

Ndipo alipoona shimo alilojichimbia kwa mdomo wake. Akamtazama Kipimo. Kipimo alikuwa anatazama meza. Alikohoa, akanywa maji, akatazama meza tena. Meneja akamgeukia. "Una la kuongeza?"

"Hapana," alisema Kipimo.

Mkono alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti.

Kipimo alimpigia simu kila siku, akamfariji, akamwambia Mungu hamtupi mja wake. Naye Mkono akalia naye kwenye simu akiamini ana mtu. Kumbe huyo mtu alikuwa ameingia kiwandani siku ya mapumziko, akairudisha subira mahali pake bila kumwambia yeyote. Mashine ikatulia. Hakuna kipande kibovu kilichopita tena. Na kiwanda kizima, kwa kuona mashine imepona mara tu baada ya Mkono kuondoka, kikakubaliana kwamba ugonjwa ulikuwa ni yeye.

Aliyemfungua macho ni shoga yake, yule anayepanga trei, alipompigia simu kutoka kiwandani.

"Shoga, nikwambie kitu? Hapa wanakusema vibaya. Wanasema umeondoka, mashine imepona."

"Nani ameutengeneza mkono?"

"Hakuna! Fundi mpya hajafika bado. Mkono uko vile vile ulivyouacha, hata kifuniko hakijafunguliwa."

Mkono aliketi kitandani. Kama mkono haukuguswa na mashine imepona, basi kilichoguswa ni kile kingine. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Kipimo alikuja siku ya pili yake, amevaa suti ya kijivu, na mjomba wake anafuata wiki ijayo. Mama akamtandikia kiti kizuri. Mkono akamwambia mama aende jikoni.

"Uliigusa," alisema.

Hakukana. Hilo nimpe. Alilegea kwenye kiti kile kile cha heshima, akashika kichwa. "Niliigusa kidogo tu. Halafu nikaogopa. Tungefukuzwa wote wawili, tungeanza maisha na nini? Nilinyamaza kwa ajili yetu."

Mwanamume akisema kwa ajili yetu, msikilize vizuri. Mara nyingi hao sisi ni yeye peke yake.

"Mimi nilikuwa wapi kwenye hiyo yetu?" Mkono aliuliza. "Nilipokuwa nimesimama pale nakuwekea dhamana, mimi nilikuwa wapi?"

"Nisamehe, roho yangu."

"Nenda kaseme kwa meneja."

"Nitafukuzwa!"

"Ndiyo. Mimi najua kunavyouma, nitakuelekeza."

Mama, aliyekuwa amesikia kila kitu mlangoni, aliingia akachukua kile kiti Kipimo alipoinuka tu, akakirudisha chumbani. "Mwanangu," alimwambia Kipimo, "nilishakuita mkwe kwa majirani."

Kipimo alikwenda kusema. Ilimchukua siku kadhaa kupata moyo, lakini alikwenda, akasema yote, akafukuzwa kwa aibu. Meneja mwenyewe alimpigia Mkono, akaomba radhi kwa maneno ya kubabaika, na Mkono akarudi kwenye mashine yake.

Asubuhi ile ya kwanza, watu wa zamu wakimiminika, Kipimo alikuwa amesimama kando ya lango la kiwanda. Shati jeupe, viatu havijang'arishwa. Akatoa pete mfukoni, hapo hapo katikati ya watu.

"Nimelipa kosa langu," alisema. "Sina kazi, sina kitu. Nina wewe tu. Nioe mimi kama mimi ni wa kuolewa."

Mkono alicheka kidogo, kwa uchungu, maana mzaha wake bado ulimgusa. "Kosa la kazi nilikusamehe siku ile ile. Nani hajawahi kukosea kwenye waya? Lakini nilikuuliza, ukanijibu, nami nikasimama mbele za watu na jibu lako mkononi."

"Sitarudia."

"Huenda. Ila mimi nitakuuliza umekula, utasema nimekula, halafu nitainuka kwenda kuchungulia sufuria. Mke gani huyo? Nitakuwa napima kila neno lako upya mpaka nizeeke. Hayo siyawezi."

"Hunipendi tena."

"Nakupenda. Nisikudanganye na mimi. Nakupenda, ndiyo maana sikulala."

Kengele ya zamu ililia. Wenzake walishaingia, mlinzi anamngoja afunge lango. Kipimo aliirudisha pete mfukoni.

"Nikupigie jioni? Nijue tu umefika."

"Usinipigie," alisema Mkono.

"Kwa nini? Si usipokee?"

"Nitapokea. Ndiyo maana usipige."

Akaingia. Kipimo alilitii neno hilo moja, hakupiga jioni ile wala nyingine. Na Mkono, kwa muda mrefu baada ya hapo, kila simu ilipolia kwenye mfuko wa koti lake akitembea kuelekea kwa mama yake, aliitoa haraka kuliko alivyotaka, akasoma jina la mtu mwingine, akaitikia vizuri tu.