Alama Ukingoni mwa Kioo

"Juzi hukuja! Usinifanye mtoto."

"Nilikuja, malkia wangu. Nilifika mpaka dirishani."

"Ukafika, usipige hodi? Mama kavaa gauni jipya kumngoja mchumba, mchumba hewa!"

Simuni ikasikika injini ya basi. "Yaache. Wanapakia mizigo. Nikifika huko kwenye kazi mpya, nitakukumbuka." Akakata.

"Muongo," binti akasema.

Mama yake hakuacha kukunja nguo. "Kutwa unasaka alama za vidole vya wezi maabara. Za mpenzi wako zinakushinda?"

Ulikuwa utani, lakini binti alishainuka. Mkobani alikuwa na mabaki ya unga wa majaribio, chembe ndogo kuliko vumbi, zinazong'ang'ania jasho la kidole na kuwaka zikimulikwa. Akatoka nje barazani, akaupaka unga kwenye vioo vya dirisha kwa brashi laini, akajifunika blanketi gubigubi pamoja na dirisha ili kuwe giza, akawasha tochi ya buluu.

Vioo vyeusi. Hakuna kitu.

Ndipo akakumbuka siku mpenzi wake, fundi vioo, alipokuja kubadilisha kioo cha maabara, shati limenyooka, penseli sikioni. Alishika kioo ukingoni tu, hakuacha doa. "Ungekuwa mwizi, ningekosa kazi," binti alimtania. "Ningeiba kitu kimoja tu," fundi akajibu, akimtazama.

Akapaka unga ukingoni mwa vioo. Vidole vinne vikawaka kijani kibichi, cha shahada kimekatwa na kovu alilolibusu mara nyingi. Akasogeza kidole chake karibu, asiguse. Alisimama hapa. Alishikilia hapa.

"Mama, njoo uone."

Mama akaingiza kichwa ndani ya blanketi.

"Juzi tulipomngoja, nilikuwa nikisema na shangazi yako hapo ndani, kando ya dirisha hili," akasema. "Nikamwambia, fundi vioo atamlisha nini mwanangu, vigae?"

"Mama!"

"Kumbe alinisikia. Na hajanishtaki kwako."

Binti akapiga simu. "Shuka kwenye basi."

"Mpenzi, na mama yako je?"

Kabla hajajibu, simu ilishanyakuliwa.

"Mkwe," mama akasema, "wewe unashuka, au nije nikushushe?"

Wakasikia mlango wa basi ukigongwa, na sauti ya fundi ikipaa: "Dereva, shusha!"