Moshi wa Godoro

Nerima anaishi Malaba, karibu na barabara ya malori. Ni mtu asiyejua kukaa chini. Atakoroga uji, atamchana binti yake Brendah nywele, na bado atamkumbusha mumewe Oduori kofia ya bodaboda.

Siku moja ya mvua aliingiza jiko la makaa chumbani ili nguo zikauke. Cheche iliruka kwenye godoro. Majirani walikuja mbio na maji, wakauzima moto. Hakuna aliyeumia. Lakini godoro na mitungi ya plastiki viliungua, na masizi yakatanda kila mahali, hadi ndani ya gunia la omena, wale dagaa wakavu.

Brendah ana pumu. Oduori alimpeleka kwa nyanya yake, kule Butula.

"Atarudi nyumba ikiwa safi," alisema.

Nerima hakutulia tena. Alichukua ufagio akafagia, vumbi jeusi likapanda juu. Akasugua ukuta kwa kitambaa chenye maji, doa dogo likawa kubwa. Alikohoa na kulia, lakini hakuacha. Alitaka mtoto wake arudi, tena leo.

"Mama Brendah, wacha kwanza!" Atyang aliita mlangoni. Atyang ni jirani, na ni mhudumu wa afya ya jamii.

"Nitawachaje? Mtoto yuko mbali."

"Ukifagia hivyo, hiyo masizi yote inaingia kwa kifua."

"Haya. Basi wacha nifunge hii omena kwa mfuko, Oduori apeleke Butula. Brendah anaipenda sana."

"Hapana! Hiyo ni ya kutupa."

"Kutupa omena? Dada, kwani samaki si tunakaushaga na moshi?"

"Hiyo ni moshi ya kuni. Hii imetoka kwa godoro na plastiki. Iko na sumu. Utamtumia mtoto ugonjwa kwa mfuko."

Nerima aliutazama ule mfuko. Waliifukia omena shimoni, kuku wasiifikie.

Kisha kazi ilianza upya. Walifungua milango na madirisha. Walivaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu.

"Anza na sponji kavu," Atyang alisema. "Gandamiza, inua. Usisugue."

Masizi yalipopungua, waliosha ukuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wakaanzia chini kwenda juu. Sakafu waliinyunyizia maji kidogo kabla ya kuipangusa. Mapazia yalifuliwa na kurudiwa mpaka harufu ikaisha. Fundi wa stima alikagua nyaya kabla ya taa kuwashwa.

Oduori alifika na mkebe wa rangi. "Si tufunike tu?"

"Ukipaka juu ya masizi, harufu itarudi," Atyang alimjibu. "Ukuta uwe safi, ukauke kwanza."

"Sasa mtoto aje?" Nerima aliuliza kila mara.

Atyang alipitisha kitambaa cheupe ukutani. Kilitoka cheusi.

"Bado."

Walirudia kuosha. Nerima aliuliza tena, akaambiwa bado, akarudi kwenye ndoo akinung'unika. Mwishowe alipitisha kitambaa yeye mwenyewe. Kilibaki cheupe.

"Oduori! Washa pikipiki!"

Jiko sasa lilikaa nje, chini ya kibanda. Brendah alipofika alilipita mbio, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alikuwa na maneno mengi. Nerima hakuyasikia. Alikuwa akisikiliza kifua cha mtoto, na kifua hakikupiga filimbi.

"Mama! Nakuuliza, omena iko wapi?"

"Tutanunua ingine," Nerima alisema. Kisha akavuta kiti, akakaa.