Sindano Iliyogoma Kutungika

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa mshonaji alimtungia mama yake sindano za kutwa, maana macho ya mama yalikuwa yamechoka. Asubuhi ya mashindano ya mbio, uzi ulikataa kuingia tunduni. Mikono ilimtetemeka.

"Una nini, mwanangu?"

"Baridi tu, mama."

Haikuwa baridi. Muhula uliopita Mshale, bingwa wa darasa, alimshinda mbio akamwita Kobe mbele ya watu. Tangu hapo shule nzima ikamwita hivyo. Hata mpishi wa shule alimpakulia akisema, "Haya Kobe, sogea." Binti alikula akisaga meno. Siku moja Mshale atakula vumbi langu, aliapa.

Basi alfajiri hiyo, kabla ya kushika sindano, alichukua kopo la kaka yake lenye poda ya mazoezi ya kuondoa uchovu. Kaka hukoroga kijiko kimoja katika chupa nzima ya maji. Yeye alichota na kuchota mpaka ikawa nzito kama uji, akanywa. Chai na mkate alivikataa, asije akawa mzito.

"Leo utanitambua," alimwambia Mshale kwenye mstari.

"Kobe ana maneno! Miguu je?"

Filimbi ikalia. Binti alichomoka, akamwacha Mshale nyuma, na utamu wa kisasi ukampanda kichwani. Kwenye kona, moyo ukaanza kumwenda mbio kama cherehani. Uwanja ukazunguka. Akaanguka.

Mshale alimpita. Kisha akageuka, akarudi, wengine wakikimbilia medali. Alisimama akimkinga jua kwa mwili wake. "Pumua polepole, dada. Mwalimu! Njoo!"

Zahanatini, muuguzi alikaa naye hadi moyo ukatulia. Mama alifika na uzi ungali shingoni. Aliposikia habari ya kopo, hakugomba. Alimshika mkono.

"Bado nataka kumkomoa, mama," binti alilia.

"Ulitaka kumkomoa mwenzako, umeukomoa moyo wako," mama alisema.

Muuguzi akaongeza, "Poda ile imejaa kitu kilekile kinachokesheza watu kwenye kahawa. Haikupi nguvu usiyokuwa nayo. Uchovu ni mwili unaomba chakula na usingizi. Ukiuziba mdomo, utakuangusha."

Mshale alichungulia mlangoni. "Umeninyima medali, we! Pona tukimbie tena. Na Kobe hayupo tena, nimeshawaambia wote wasikuite hivyo."

"Nitakupita."

"Thubutu!"

Siku ya mbio zao, binti aliamka akiwa amelala vya kutosha, akala mkate wote, akashika sindano. Uzi ukapita mara moja.

Mama akatabasamu. "Mkono umetulia. Hiyo ndiyo nguvu yako mwenyewe, mwanangu. Nenda ukakimbie."