Honi Chini ya Barafu

Jumamosi ile ya katikati ya Januari, Ziwa Pelkey lilitulia kama shuka iliyopigwa pasi. Barafu ilikuwa nene ya kubeba magari, na juu yake vibanda vya wavuvi vilisimama kama kijiji, kila kimoja na moshi wake. Njia ya kwenda huko ilikuwa imepandwa miti ya Krismasi iliyokwisha kazi majumbani, mmoja hapa, mmoja pale, ili mtu asipotee akaelekea mdomo wa mto, ambako maji hayagandi sawasawa. Mara mojamoja barafu iliguna. Barafu huguna hata ikiwa salama.

Ndani ya kibanda chake, Orrin Kubiak alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, ndoana imeshushwa kwenye tundu lililotobolewa barafuni, chupa ya brandi katikati ya miguu. Mtu na raha zake! Lakini hebu tokeni nje, ndugu zangu, mtazame. Mnaiona ile pikapu nyekundu? Ndani yake yumo mwanamke aliyejifunika mablanketi mawili, anakohoa. Huyo ni Verna, mkewe. Hakuja kuvua. Kaletwa apumue.

Nitaeleza. Orrin alikuwa amekamatwa mara ya pili akiendesha gari amelewa. Hakimu akaamuru pikapu yake ifungwe kipima pumzi, kidude cha kushika mkononi, kina mrija na waya unaoingia kwenye dashibodi. Bila kukipulizia, gari haliwaki. Kikinusa pombe, taa nyekundu, na injini inakaa kimya. Hata ukiwa njiani, kila baada ya muda kinalia ti! ti! ti! kikidai pumzi nyingine. Ukikinyima, au kikinusa pombe, honi inapiga yenyewe na taa zinawaka na kuzima, hadi uzime gari na mji mzima ujue wewe ni nani.

Mtu mwenye akili angeacha pombe. Orrin akamchukua mkewe.

Alikokwenda kunywa, Verna alikwenda naye, akamngoja garini. Wakati wa kuondoka alipuliza yeye, na njiani kidude kikilia alijiinamisha akapuliza tena. Dutch mwenye baa alikuwa akimwita dirishani, "Shemeji! Jamaa umemwekea pumzi za kutosha leo?" Kisha anamgeukia Orrin, "Wenzio wana funguo, Kubiak. Wewe una mke!" Watu walicheka. Mwanzoni hata Verna alicheka.

Kwenye ziwa, hata hivyo, hakupenda kwenda. Miaka kumi na mmoja nyuma, Leroy, kaka yake Orrin, alitoka kibanda hichohicho amelewa chakari, akaipita miti upande usio wake, akazama na gari lake. Mwili ulipatikana majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka. Gari liko huko chini mpaka leo. Glasi ya mwisho ya Leroy aliimimina Orrin.

Basi saa tisa alasiri Verna akagonga mlango wa kibanda.

"Orrin, kifua kinanibana. Twende."

"Samaki ndio kwanza wanaichezea ndoana, mama. Nusu saa tu."

"Nusu saa yako naijua. Ina miguu mirefu."

"Rudi ndani ya gari usije ukapigwa na baridi, mke wangu. Nakuja sasa hivi."

Nusu saa ile ikarefuka kweli. Upepo ukaamka, theluji ikaanza kumwagika, na vibanda vingine vikafungwa kimoja baada ya kingine. Orrin alipotoka, kijiji chote kilikuwa kimehama. Akafungua pikapu. Verna amelala kando, midomo ya buluu, kila pumzi inatoka kifuani kama mlango wenye kutu.

Simu haikushika mtandao. Akanyakua kidude, akapuliza. Nyekundu. Akasukutua mdomo kwa theluji, akapuliza tena. Nyekundu.

"Verna. Puliza, mpenzi."

"Sina."

"Kidogo tu. Nikupeleke hospitali."

Akamwinua kichwa, akamwekea mrija mdomoni. Verna akapuliza pumzi ndefu, nyembamba, iliyokwisha kwa mluzi. Taa ya kijani. Injini ikanguruma, naye akaanguka kitini kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Orrin akaondoa gari. Weupe juu, weupe chini. Akauona mti mmoja wa Krismasi, akaupita, halafu hakuona mwingine. Je, ameupita upande gani? Ndipo kidude kikalia: ti! ti! ti!

"Verna?"

Akamtikisa bega, macho hayakufumbuka. Akapuliza mwenyewe. Nyekundu. Honi ikapasuka, taa zikawaka, zikazima, zikawaka.

"Nyamaza!" akakipiga kwa ngumi. "Nyamaza, mke wangu anakufa!"

Honi ikapumua. Na katika pumziko lile, kutoka chini ya magurudumu, honi nyingine ikajibu.

Ilikuwa nzito, yenye kukwama, kama ya gari lililojaa maji. Ya juu ikapiga, ya chini ikaitika. Na mbele ya pikapu, ndani ya barafu yenyewe, taa mbili za manjano ziliwaka na kuzima. Orrin alizijua taa zile. Ya kushoto ilikuwa na ufa.

Akakanyaga breki. Pikapu ikateleza, ikazunguka, ikasimama. Alipofungua mlango, maji meusi yalikuwa hatua mbili kutoka mguuni pake, yakifuka mvuke.

Hakuthubutu kusogea, wala kuzima gari. Akamkumbatia Verna, honi zikiendelea, hadi Gus Halvorsen, jirani yao, alipotokea na pikipiki yake ya theluji akivuta sleji, kitanda cha kuburuta juu ya theluji.

"Mlaze hapa, haraka! Na mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Usinichezee, Kubiak. Nimefuata honi mbili."

Orrin akaonyesha chini. Gus akatazama barafu, kisha akamshika Verna miguu wakamlaza.

Verna alilala hospitali wiki tatu, akatoka na pafu moja lisilofanya kazi sawasawa. Siku ya kutoka alimwambia mumewe, "Pumzi zilizobaki ni zangu, Orrin. Hakuna hata moja ya gari." Orrin akaenda kwa hakimu kwa miguu yake, akasema yote, akala adhabu yake. Chupa hajaigusa tangu hapo. Kila Januari miti ile huipanda yeye, na akifika wa mwisho, husimama akasikiliza.

FUNZO

Ndugu zangu, kidude cha mahakama humzuia mlevi, hakimponyi. Na wewe mke, wewe rafiki, wewe mwenye baa unayechekacheka: ukimpulizia mlevi, usidhani umemsaidia kufika nyumbani. Umemsaidia kufika kwa Leroy.