Sinki Alilotaka Advera

Haya yalimkuta rafiki yangu Xavery, pale Ipuli. Mkewe Advera alimwomba sinki la bafuni miaka mitatu, naye kila mara akimjibu, “Kesho, mama.” Advera akafariki. Matanga yalipoisha, Xavery alilifunga mwenyewe huku akilia. Nyumbani alibaki peke yake.

Wiki ya pili maji yakawa yanashuka polepole, yakikoroma. “Labda bomba nimelilaza mno,” alijisemea. Umeme ulikuwa umekatika na bafu halina dirisha, basi akafungua kiwiko cha bomba kwa kupapasa. Vidole vikanasa kitu. Akakivuta, akakitoa uani penye jua.

Zilikuwa nywele ndefu, zimesukwa kwa uzi mweusi kama alivyozoea Advera.

“Mama, umenawa?” aliuliza.

Povu la sabuni lililochuruzika kwenye nywele zile lilikuwa bado vuguvugu.