Makopo ya Efrazia

Wanawake wawili waliobeba miche ya kabichi ndio waliomkuta Efrazia, saa moja asubuhi, mtaroni kando ya barabara ya Lukozi kwenda Rangwi. Panga lilikuwa limempiga shingoni mara mbili na mkononi mara moja, pale alipojaribu kujikinga. Vidole vitatu vilikuwa majanini. Mkoba wake wa makopo haukuonekana. Walitua vikapu vyao palepale wakapiga yowe.

Efrazia alikuwa nesi wa utafiti wa watoto wasiotulia. Ulikuwa mwaka 1993, milango ya nchi imefunguliwa, na kila mwenye jambo lake anapanda mlima kuja kulijaribu. Watafiti hawa walileta unga wa lishe, waone kama utawasaidia watoto wasioweza kukaa wala kusikiliza. Makopo yalifanana, lakini mengine yalikuwa na dawa, mengine unga mtupu, na nani kapata lipi alijua daktari mkuu peke yake. Mwanzoni walitaka watoto wa misheni tu, maana huko gari linafika. Efrazia akakataa katakata. Alisema mtoto wa Mwislamu wa Lukozi naye hatulii, naye ana mama anayelia. Akapita nyumba kwa nyumba mpaka wakaingizwa wote, na watu walimpenda kwa hilo.

Kwa hiyo Inspekta Tobia alipofika kutoka Lushoto, saa tatu, kijiji kilikuwa kimeshajipatia muuaji. Rashidi, mkulima wa karoti, alikuwa chini sokoni, mkono umevunjika, jicho limefumba, vijana wanamshindilia kwa miti ya uzio. Tobia alifyatua risasi hewani. Mmoja aliyeinua jiwe juu ya kichwa cha Rashidi alilishusha taratibu, amenuna, kama mtu aliyekatizwa kazi ya halali. Wakamwambia inspekta waziwazi kwamba kesho, wakishamzika Efrazia, wataichoma nyumba ya Rashidi naye akiwa ndani. Tobia alikuwa na askari wawili tu, na alijua hawatoshi.

Alimhoji Rashidi mkekani, mkewe Zainabu akimfuta damu.

"Juzi ulisema mbele za watu kwamba utamkata?"

"Nilisema, afande. Mdomo wangu hauna breki. Lakini sikumgusa."

Zainabu ndiye aliyeeleza kisa cha ugomvi. Miezi miwili unga wa mtoto wao Ismaili haukuwa na harufu yoyote. Kisha likaja kopo linalonuka, mtoto akatapika, na Rashidi akaamini wamewekewa mafuta ya nguruwe. Efrazia alilinusa kopo lile, uso ukambadilika.

"Akasema, 'Hili si lenu, dada.' Akaondoka nalo," alisema Zainabu.

Ghala la makopo lilikuwa na ufunguo mmoja, na aliyeushika ni Fanueli, mtunza ghala, ambaye mwanawe Mika, aliyemlea peke yake, naye alikuwa kwenye utafiti. Tobia alimkuta msibani akilia kuliko ndugu wa marehemu. Fanueli alisema jana jioni alilala na homa, akaapa kwamba ghala halikuguswa, akamtaja dereva aliyefukuzwa mwezi uliopita kwa kumtukana Efrazia. Tobia akauliza kwa redio. Dereva yuko Mazinde, mguu kwenye plasta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo peke yake haumfungi mtu.

Askari walishatangaza kwamba saa sita watapekua kila nyumba. Walipekua kweli, wakatazama mapanga yote ya Lukozi, wasipate kitu.

Tobia, mzaliwa wa Rangwi, alisimama uani kwa waombolezaji akivitazama vikapu vya wale wanawake wawili, vilivyoletwa kutoka barabarani. Miche ilikuwa imenyauka humo humo. Maiti ikiwa bado haijazikwa, jembe halishikwi. Hata watoto wanajua. Akazunguka nyuma ya nyumba ya Fanueli. Palikuwa na tuta la kabichi, udongo mbichi, miche imelala.

Akamwita Fanueli, na vijana wa sokoni wakafuata na miti yao.

"Umepanda lini?"

"Juzi, afande."

"Mche wa juzi umeshainua kichwa, au umeshakufa. Huu ni wa leo. Nani anapanda leo, Fanueli?"

Vijana, wote wakulima, waliinama wakatazama, wakampisha. Tobia alichukua jembe akachimba mwenyewe. Likatoka panga, kisha mkoba uliolowa damu, na ndani yake lile kopo. Alipoinama kuuokota mkoba, Fanueli alilinyakua jembe akampiga begani, mfupa ukalia. Askari mmoja akamshushia Fanueli kirungu mdomoni, meno yakamwagika tutani. Vijana wakaruka kummaliza. Tobia akasimama juu yake, bastola mkono wa kushoto, akawaambia leo asubuhi walikuwa tayari kumuua mtu asiye na kosa, basi watulie.

Fanueli alisema yote akitema damu. Mika hakuwahi kukaa chini. Mwaka jana aliukimbilia moto, akaungua mgongo. Kopo lake lilimtapisha, halikumsaidia, wakati Ismaili wa Rashidi alianza kukaa darasani. Fanueli akaamini dawa imekwenda kwa Rashidi. Akayabadilisha makopo.

"Na Mika akatulia, afande. Akala mpaka mwisho. Efrazia akaja na kopo, akasema kesho kila mtoto anarudishiwa lake. Nilimpigia magoti. Akasema na wa Rashidi ni mtoto."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini yule nesi naye alikuwa mwana wa mtu.

Kesho yake walimzika. Rashidi alikuja, mkono kwenye kitambaa, na yule kijana wa jiwe ndiye aliyempa koleo bila kumtazama usoni. Kisha Tobia akaenda mahabusu na jibu la daktari mkuu.

"Lile linalonuka ndilo lenye dawa. Mafuta ya samaki. Mwanao alikuwa nalo tangu mwanzo. Ulilochukua kwa Rashidi ni unga mtupu."

"Lakini alitulia."

"Ulikuwa unamlishaje?"

Fanueli alifikiri. Tangu apate lile kopo, alisema, alimpakata kila asubuhi, akamlisha kijiko kwa kijiko, akimsimulia hadithi, asipoteze hata chembe. Zamani alikuwa akimwachia bakuli tu. Halafu akaanza kupiga paji la uso ukutani, mara nyingi, mpaka askari wawili wakamlalia.

"Leo nani amemlisha?" aliuliza akiwa chini, damu machoni.

Tobia hakujua. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kwenda kuangalia.