Kiti cha Abiria

Kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana gari lilikuwa ndani ya gereji, chini ya bati, na asubuhi hiyo jua lenyewe lilikuwa halijajitokeza. Lilikuwa lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, unalolikuta kwenye benchi la zahanati ukiambiwa sogea. Mama Kidoti aliweka tena kiganja juu ya ngozi ya kiti cha abiria, akakiondoa haraka, akakifuta kwenye gauni. Kiti cha dereva, alichotoka kukikalia mumewe, kilikuwa kimeshapoa.

"Ulimpa mtu lifti?" akauliza.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini. "Nani ataingia humu? Huyu mwekundu anatingisha watu mpaka meno."

"Kiti kina moto."

"Bomba la moshi linapita chini yake. Futa tu, mama."

Bomba lilipita upande wa pili. Hata yeye, aliyeishia kidato cha nne na asiyeshika spana ila kumpelekea mumewe, alilijua hilo, kwa sababu alishalala chini ya gari hilo hilo akimshikia tochi. Lakini Kidoti alianza kulia ndani, akaacha kitambaa, akaenda.

Magari yalikuwa mawili, jekundu na la kijivu, ya spoti, yametoka kiwanda kimoja, ya zamani kuliko wao wawili, kila moja na viti viwili tu na paa la turubai. Yalikuwa ya daktari wa meno aliyefariki. Binti yake alimwachia Fundi yote mawili kwa sharti moja, yaondoke uani kwake siku ile ile. Fundi alitaka kubaki na moja, jingine alichukue mwalimu wa udereva aliyekuwa anapita kila mara kulichungulia. Sasa lipi libaki? Hapo ndipo alipokwama. Leo anaendesha hili, kesho lile, barabara ile ile, kona zile zile, halafu jioni mezani anamhadithia mkewe kama mtu anayechagua mchumba.

"Mwekundu ana hasira," anasema, tonge mkononi. "Usukani mzito, klachi inakuua goti, ukikwama kwenye foleni anachemka, na kipuri chake hukipati mpaka ukambembeleze mchonga vyuma. Lakini kwenye kona, mama, we acha tu. Unaisikia barabara yote mpaka kwenye mifupa."

"Na wa kijivu?"

"Mpole. Unagusa ufunguo, amewaka. Gia zinaingia kama anakujua toka zamani. Ila mlimani anasinzia, na kutu inamla chini kwa chini bila kulalamika. Siku moja utakanyaga breki, mguu utokee barabarani."

"Uza huyo mwenye hasira. Tuna mtoto."

"Ndiyo, lakini," akasema Fundi, akamega tonge jingine.

Dada yake Fundi, mwenye saluni pale pembeni, alikuwa anakufa kwa kicheko. "Pole wifi yangu. Umeletewa wake wenza wawili, na hata harusini hukualikwa."

Mama Kidoti naye alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kisha ukaja mlio. Ulianzia kwa mwekundu. Injini ikizimwa, chuma kikianza kupoa, unasikia upande wa abiria, tk, tk, tk, taratibu, kama kucha za mtu asiye na haraka zikigonga dashibodi. Ukaja na harufu, ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo mpaka maji yake yakaoza. Fundi hakushtuka, na huo ndio ubaya wa mafundi, kwao kila kitu ni ubovu, na ubovu lazima uwe mahali. Alikuwa na njia yake. Ukiwa na magari mawili ya namna moja na hujui ugonjwa ulipo, hamisha. Plagi za hili zitie kwenye lile. Ugonjwa ukihama nazo, umeukamata. Usipohama, hamisha kingine.

Akahamisha saa ya dashibodi, akazunguka mtaa na wa kijivu, na mlio ukasikika kwa wa kijivu. "Unaona? Ni saa," akasema, akaing'oa, akaitupa. Kesho yake mlio uko kwa mwekundu, na saa haipo. Akahamisha kiti cha abiria, mlio ukaenda na kiti; akakirudisha kiti, mlio nao ukarudi; akahamisha mlango, kioo, dashibodi nzima na nyaya zake, mpaka ikawa mwekundu ana mlango wa kijivu na wa kijivu ana mlango mwekundu, na watoto wa jirani wanaparamia ukuta kuja kucheka, lakini gari lolote aliloliingia, alipozima tu, mlio huo hapo, pembeni yake.

Jioni moja akasema, "Leo tulifika mpaka darajani."

Kijiko cha uji kikasimama mbele ya mdomo wa Kidoti. "Wewe na nani?"

"Mimi na gari."

"Kumbe gari nalo linahesabiwa?"

Fundi akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikumfikia mkewe, lilikwenda pembeni kidogo, kama unavyomtupia jicho jirani yako mkiwa na utani wenu wawili.

Mama Kidoti akaanza kumchungulia kupitia dirisha la jikoni. Kabla ya kuondoka mumewe alizunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akasubiri, akaufunga polepole, kisha ndipo akaenda upande wake. Akirudi hivyo hivyo, anafungua, anasubiri, anafunga.

"Unafungua ili iweje?"

"Unakaza. Nalegeza bawaba."

Milango ilikuwa imeshabadilishwa mara ngapi, na yote eti inakaza. Mama Kidoti angesema nini, na angemwambia nani, kwamba anaonea wivu kiti?

Jumamosi wifi yake akaja amejitanda mtandio, amevaa miwani ya jua. "Leo na mimi nizungushwe na mwekundu, saluni yangu ipate jina." Wakaondoka anapunga mkono kama mgombea. Hawakukawia. Gari halijasimama sawasawa alishashuka, akaingia jikoni, miwani hana, akamchukua Kidoti kutoka sakafuni akamkumbatia kifuani.

"Wifi, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Sema polepole." Akamsogelea sikioni. "Nilipokaa, sikukalia kiti."

"Ulikalia nini?"

"Mapaja. Wifi, nilikalia mapaja ya mtu. Nikajiambia ni sponji imekufa, ni springi, nikajisogeza, na yenyewe yakajisogeza yakanipisha. Na kaka yangu anaendesha, anaongea, huyu usukani wake hivi, yule breki zake vile, nikadhani anaongea na mimi, nikawa namjibu. Akageuka akaniambia, nyamaza kidogo dada, sisemi na wewe."

Walimpigia simu binti wa daktari wa meno. Hakungoja wamalize kumwomba ayachukue tena magari. "Siyachukui," akasema. "Baba naye alikuwa hivyo, leo hili kesho lile, maisha yake yote. Mama yetu alituacha tungali wadogo, tumekua tunamlaumu."

"Kwani alikimbia nini?"

"Hakuwahi kutuambia. Kila akitaka kusema, anakohoa tu." Na hapo akakata simu.

Basi Mama Kidoti akakusanya nguvu zake zote, akamwambia mumewe uza, uza yote mawili, mimi sitaki kujua lipi zuri, na akajiandaa kwa ugomvi. Fundi akasema sawa. Hivyo tu, sawa, kama mtu aliyeombwa chumvi. Mwalimu wa udereva akachukua wa kijivu, mchonga vyuma akamvuta mwekundu kwa kamba, na baada ya siku kadhaa Mama Kidoti alipowauliza, kila mmoja kwa wakati wake akamjibu gari halina shida yoyote shemeji, halina mlio, halina harufu, mumeo ana mikono ya dhahabu.

Alifurahi, jamani. Alifagia gereji, akamwaga sabuni akasugua oili sakafuni huku anaimba, na jua lilipoanza kushuka akapakua chakula, wakakaa, Fundi amempakata mtoto kwa mikono yote miwili, yeye Mama Kidoti ameshika bakuli, na upande wa tatu wa meza, penye kiti ambacho hakuna mtu aliyekivuta lakini kilikuwa kimevutwa, mbao ikagongwa, tk, tk, tk, taratibu, bila haraka, na harufu ya yale maji ya maua ikapanda juu ya harufu ya chakula, na hapo akaelewa, bakuli bado liko mkononi, kwamba katika vitu vyote vile mumewe alivyong'oa na kufunga, saa na viti na milango na dashibodi na nyaya zake, kulikuwa na kimoja alichokuwa anakitoa gari hili na kukitia gari lile kila siku, kila mara, kabla ya kuhamisha kingine chochote, na hakuwahi kukihesabu, nacho ni yeye mwenyewe.

"Baba Kidoti," akanong'ona. "Unasikia?"

"Nasikia nini?" akasema Fundi, na mkono wake mmoja ukamwacha mtoto, ukakisogeza kiti kile karibu na meza, ili aliyekaa akae vizuri.

Tabibu wa kienyeji aliletwa na wifi. Hakuwa wa kutisha: mwanamke mfupi wa makamo, mshona sare za shule, mfuko wa plastiki mkononi, analalamikia magoti. Aliketi sebuleni mchana kweupe, akaomba sahani ya bati na maji, akamtazama Fundi, akatazama kiti kilicho wazi kando yake, kisha akaacha kabisa kukitazama. Fundi alikaa wima kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Huyu si wa chuma," tabibu akasema. "Chuma alipandia tu. Dawa ya kumtoa sina."

"Usituambie hivyo, dada," wifi akasema.

"Nasema dawa. Wa kujipenyeza anatolewa kwa dawa. Huyu alikaribishwa. Alifunguliwa mlango, akafungwa vizuri asiumie, akahadithiwa mambo. Atatolewa na kinywa kile kile kilichomkaribisha." Akamgeukia Fundi. "Mwanangu, unataka atoke?"

Fundi alichelewa kujibu. Mama Kidoti aliuona ule uchelewaji, akauhesabu moyoni, akajifanya hakuuona.

"Ndiyo," akasema Fundi.

"Nitafumba macho, na wifi mtu atoke nje, asibaki wa kuangalia ovyo. Mke abaki, ni nyumba yake, lakini asitie neno. Nikigonga sahani, wewe mtazame usoni, huyo unayemkataa, umwambie kwa sauti: Sikutaki. Toka, usirudi. Neno likishatoka halirudi, na yule litakayemfikia ataondoka, apende asipende. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Wifi akatoka. Tabibu akafumba macho, midomo ikaanza kucheza, na chumba kikajaa harufu ile mpaka Kidoti akaficha uso shingoni mwa mama yake. Sahani ikagongwa. Fundi akainua kichwa. Macho yake yalipita kwenye kiti kilicho wazi, yakakaa hapo kidogo kwa huruma, huruma ambayo Mama Kidoti hakuwa ameiona tangu siku alipojifungua, kisha yakaendelea kuja, taratibu, yakavuka meza, yakavuka sahani na maji, yakamfikia yeye, yakasimama.

"Sikutaki," Fundi akasema, kwa sauti safi kabisa. "Toka, usirudi."

Mama Kidoti alitaka kusema si mimi. Alitaka kumshika tabibu bega, amwambie fumbua macho uone anasema na nani, lakini koo lilijaa kikohozi, na miguu yake, ile ile aliyosimamia akisugua gereji, ilikuwa imeshamsimamisha, ikageuka naye, ikaanza kwenda, na yeye juu yake amembeba mtoto, anapita kando ya kochi, anapita chini ya picha yao ya ndoa, mkono unajaribu kushika fremu ya mlango na vidole havifungi, anakohoa, anakohoa, na nyuma yake anasikia sauti ya tabibu imelegea kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Anaondoka. Msikilizeni. Nyayo nzito, kama mtu amebeba kitu. Usimwonee huruma, mwanangu, mwache aende."

Uani wifi aliinuka kwenye ngazi. "Vipi, wifi, amekwisha? Mbona unatoka? Wifi?" Akamshika mkono, na mkono ukamponyoka kama sabuni. Geti lilikuwa wazi. Barabarani watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, mchana mzuri tu, na miguu ikapinda kushoto bila kumuuliza.

Kidoti, begani, alikuwa anatazama walikotoka. Mama yake hakuweza kugeuza shingo aone ni nani amesimama mlangoni. Alisikia tu mwili wa mtoto ukichangamka, mikono miwili midogo ikinyooka kuelekea nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, wazi kabisa, Kidoti akaita, "Mama."